Randa Kuukuu Kabla Hazijafika Mizanini

Maneno haya niliyasema mbele ya mafundi seremala na vijana wanaojifunza kazi, baada ya alasiri, katika uwanja wa karakana moja ya Ngamiani, Tanga. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimeondoa maswali ya katikati tu.

Asalaam aleikum.

Wazee wangu mliotangulia kwenye kazi hii, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za tangu asubuhi. Na nyinyi wanangu mliokuja na madaftari, karibuni, kaeni hata juu ya yale magogo, huko hakuna vumbi sana.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kwenye mizani ya chuma chakavu kutafuta kipande cha kutengenezea komeo. Juu ya lundo, katikati ya rimu ya baiskeli na sufuria lililotoboka, nikaona tumbo la randa namba 7. Tumbo peke yake, yaani ule mwili wa chuma wa chini unaopita juu ya mbao. Mpini umeng'olewa, kirungu cha mbele hakipo, kisu hakipo. Nikamwuliza kijana wa mizani, "Mwanangu, hii imefikaje hapa?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, imekuja asubuhi na toroli, nzima na mbao zake. Mbao tumezing'oa, maana sisi hatupimi mbao."

Nikalishika lile tumbo. Ubavuni palikuwa na jeraha jipya la nyundo, chuma cha ndani kinang'aa bado, hakijapata hata siku moja ya kutu. Ile randa ilikuwa imenyoosha mbao tangu kabla sijazaliwa, ikaharibiwa asubuhi ile, na mimi nimefika saa sita mchana.

Ndiyo sababu nimeomba nizungumze nanyi leo. Randa namba 4, ile ya kulainishia, uzito wake haufiki kilo mbili. Namba 7, ndefu ya kunyooshea, inakaribia kilo nne. Pigeni hesabu ya chuma chakavu kwa kilo, mtaona kwamba familia inayopeleka randa mizanini inarudi nyumbani na pesa ya sahani ya wali maharage. Na huku mtaa wa pili kuna fundi kijana anayeitafuta randa hiyohiyo, haipati, kwa sababu hajui iko wapi, na hata akiiona hajui aikague vipi.

Najua mtaniambia mashine zipo. Ni kweli, na mbao zangu mimi napeleka mashine kama nyinyi. Lakini chukueni mbao iliyotoka mashine, ilazeni karibu na dirisha, muitazame kwa ubavu. Mtaona mawimbi madogo, yamepangana kama mchanga wa ufukwe wa Raskazone maji yakitoka. Ukipaka vanishi ndipo yanapojitokeza zaidi. Wengi wetu tunayafuta kwa msasa, nusu siku, vumbi puani, na msasa wenyewe tunanunua. Randa iliyonolewa inayaondoa kwa mapito matatu, na uso unabaki unang'aa kabla hata ya vanishi. Halafu kuna mlango uliovimba wakati wa masika. Mwenye nyumba amekupigia simu kutoka Chumbageni, mlango haufungi na mvua inanyesha. Hapo hubebi mashine. Unabeba randa moja, unapunguza ubavu wa mlango, unaurudisha kwenye bawaba zake, umemaliza.

Na kwa nini kuukuu? Randa mpya nzuri zipo duniani, ila bei yake ni bei ya kitanda cha mninga. Mpya ambazo kijana anazimudu, nyingi nilizozifungua tumbo limepinda na kisu kinalalia mahali ambapo hapajanyooshwa. Kati ya hizo mbili ndipo inapokaa randa ya zamani. Ilitengenezwa kwa mtu ambaye ugali wake ulitegemea chombo kile kila siku.

Nizungumze kidogo ilikotoka, maana inasaidia katika kununua. Zamani randa nyingi zilikuwa za mbao. Ukitaka kisu kitoke kidogo, unakigonga kwa nyundo. Ukitaka kirudi, unagonga randa yenyewe kisigino. Ukizidisha, unaanza upya. Fundi mmoja wa Marekani, Leonard Bailey, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1860 namna ya kukisogeza kisu kwa gurudumu dogo la shaba lililo nyuma yake, unalizungusha kwa kidole na mkono haujaachia mpini. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, ikanunua biashara yake. Randa karibu zote za chuma mnazoziona leo, za Marekani, za Uingereza, za India, za China, zimefuata mkono wa Bailey.

Waingereza walianza zao mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale Sheffield, kwa jina la Record, zimepakwa rangi ya buluu. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo Stanley nao wakafungua kazi Sheffield. Na sisi wakati huo tulikuwa chini ya Mwingereza, basi chombo kilichonunuliwa na reli au na shamba la mkonge kilitoka kwao. Nyinyi watoto wa Tanga hamhitaji niwaeleze reli na mkonge. Reli ya kwenda Moshi ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na mkonge uliingia nchini mwaka huohuo, ukapandwa kule Pangani. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Mashamba yale yalikuwa na karakana, na karakana zilikuwa na maseremala wa kutengeneza milango ya nyumba za wafanyakazi, madirisha, masanduku, mabodi ya magari. Zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine. Seremala akarudi kijijini kwake na sanduku lake. Sanduku likaingia mvunguni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa wengine hiyo ni methali. Kwa anayetafuta randa ni maelekezo ya njia.

Mwaka juzi dereva mmoja wa daladala aliniambia kuna bibi upande wa Muheza, marehemu mumewe alikuwa seremala wa shamba. Nikaenda na sukari kilo mbili na majani ya chai. Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa kwenu hawajambo?"

Tukazungumza mvua, tukazungumza machungwa, chai ikaja. Ndipo nikamwambia, "Bibi, nimesikia marehemu babu alikuwa fundi. Nami kazi yangu ni hiyohiyo. Nimekuja kuuliza kama vyombo vyake bado vipo."

Akanyamaza kidogo, akaitazama mikono yangu. Akaniuliza, "Wewe unaranda, au unauza?"

Nikamjibu, "Naranda, bibi."

Akamwita mjukuu wake alivute sanduku. Lilikuwa la mvule, bawaba zimelegea. Ndani mlikuwa na msumeno, patasi nne, kinoo kilicholika katikati kama tandiko la punda, na randa mbili, namba 4 na namba 5, kila moja imeviringishwa kipande cha kanga kilicholowa mafuta zamani hata kikawa kigumu. Nikafungua ile namba 5. Kutu ilikuwepo, ya juu juu. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho, na pale gumba linapokaa pamelika, pana kishimo laini. Nikaweka gumba langu, likaingia.

Mjukuu akasema bila ubaya wowote, "Mimi nilikuwa nivipeleke mizani Jumamosi."

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, wanangu. Ningeweza kumpa yule bibi shilingi elfu tano akashukuru. Nilimwambia bei mbili. Nikamwambia, bibi, zikipimwa mizanini randa hizi mbili zitakupa kiasi hiki, na kwa fundi zinastahili kiasi hiki. Nikamlipa shilingi 70,000 kwa randa zote mbili. Patasi na msumeno sikuvichukua, nikamwomba ampe mjukuu, na mjukuu nikamwonyesha palepale namna ya kuvinoa. Watu wamenicheka kwa hilo. Lakini tangu siku ile, kutokana na bibi yule yule, nimeitwa kwenye nyumba tatu nyingine ambazo mlango wake nisingeujua kamwe. Mnunuzi anayemlalia mjane ananunua mara moja tu.

Kwingine pa kutafuta: jengeni urafiki na vijana wa mizani. Waachieni namba ya simu na picha ya randa, waambieni wasing'oe mpini wala wasigonge, mtawapa mara tano ya bei ya kilo. Mimi sasa nimefanya hivyo kwenye mizani mbili za hapa mjini. Ningefanya mwaka jana, lile tumbo la namba 7 lingekuwa hapa mezani likiwa zima. Vilevile makontena ya vyombo vilivyotumika huleta randa, zimechanganywa na majembe na spana, na wauzaji wengi hawazipambanui.

Ila ukikuta chombo kimegongwa herufi za reli, EAR kwa mfano, yaani Reli ya Afrika Mashariki, usilipe kabla hujauliza kimetoka wapi. Kingine kiliuzwa kihalali miaka mingi iliyopita. Kingine kimetoka stoo kwa mlango wa nyuma. Kama maelezo hayashikani, rudisha. Fundi aliyekamatwa na mali ya wizi hakuna atakayempa funguo za nyumba yake tena.

Haya, sasa umeiona. Unaikaguaje?

Randa hii ya mwisho hapa mezani, iliyokuwa ya rangi ya kijani inayong'aa, niliinunua nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa nzuri kuliko zote pale sokoni. Imepakwa rangi mpya, mpini una vanishi, kisu kinameremeta. Nililipa ujira wangu wa wiki mbili. Nikaipeleka kwenye mlango wa mninga wa mtu, siku ya tatu ikaanza kuruka. Inakata, inaruka, inakata, inaruka, kama gari kwenye matuta. Nikanoa, nikakaza, nikarekebisha, haikusaidia. Fundi wangu, Mungu amrehemu, akaichukua, akakwangua rangi ubavuni kwa ncha ya kisu. Chini ya rangi kulikuwa na pati, ile ya wapiga rangi wa magari, na chini ya pati ufa umeanzia kwenye kona ya mdomo, yaani ule uwazi wa tumboni kisu kinapotokea, mpaka ukingoni. Kila nilipoegemea, mdomo ulikuwa unafunguka na kufunga. Mlango wa watu niliulipa.

Kwa hiyo jambo la kwanza: rangi mpya ni sababu ya kuogopa. Randa ya kweli inachukua kutu, inachukua uchafu, inapoteza rangi mahali mkono unaposhika. Chuma chake ni cha kumiminwa kwenye kalibu, na chuma cha namna hiyo hakipindi, kinapasuka. Randa ikianguka sakafuni kutoka kwenye benchi, inapasuka. Sehemu zake za kupasuka ni mbili: kona za mdomo pale chini, na mbavu zake hapa zinapoinuka. Na usidanganywe na mtu kwamba utachomelea. Chuma hiki kuchomelea ni kazi ya mtu mwenye ujuzi wake maalumu, na hata akifaulu, joto hupindisha tumbo.

Ufa mwembamba jicho halioni. Fanyeni hivi. Fungua randa yote, utoe kisu na tandiko lake, yaani kile kipande ambacho kisu kinakilalia. Pangusa tumbo likauke. Paka mafuta ya taa pale unapopashuku, subiri dakika kumi, halafu futa kabisa kwa kitambaa kikavu mpaka kusionekane mafuta. Sasa saga chaki, ile ya ubaoni, nyunyiza unga wake juu yake. Subiri. Kama hakuna ufa, unga unakaa mweupe. Kama ufa upo, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda juu yanailowesha chaki, na mstari unajichora wenyewe mbele ya macho yako. Muuzaji akikukataza kufungua randa yake, umeshapata jibu, nenda zako.

Ukimaliza ufa, tazama kisu. Usitazame makali, makali utayatia mwenyewe. Tazama urefu uliobaki kati ya makali na lile tundu refu la katikati. Kisu kilichonolewa miaka arobaini kinakuwa kifupi. Kama kimekaribia tundu, unanunua randa ya kutafutia kisu. Kwa zile za mbao ni mbaya zaidi, kwa sababu visu vyake vingi ni chuma laini kilichounganishwa na bamba jembamba la chuma kigumu upande wa mbele, na kile kigumu kikiisha unanoa chuma cha msumari. Kisha geuza kisu utazame mgongo wake, ule upande ulio bapa. Kutu ikiwa imechimba vishimo karibu na makali, kisu hicho kitakusumbua, kwa kuwa makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo makali nayo yana mapengo. Utanoa mteremko wa mbele mpaka jua lizame, mapengo yatabaki.

La tatu ni skrubu, na hapa ndipo wengi wanapoingia hasara bila kujua. Skrubu za randa za Bailey hazina saizi ya dukani. Nyuzi zake ni za kipekee. Ikikosekana skrubu ya mpini au ya tandiko, hutaipata duka lolote la vifaa hapa Tanga, utaichonga kwa fundi mashine au utaitoa kwenye randa nyingine iliyokufa. Hesabu skrubu zote kabla ya kulipa. Na lile gurudumu la shaba nyuzi zake huwa za mkono wa kushoto, zinakwenda kinyume na ulivyozoea. Nimeona randa nzuri zilizokatika pale kwa sababu mtu alidhani imekwama, akaongeza koleo, kumbe alikuwa anakaza.

Unyofu wa tumbo nenda nao kwa kiasi. Chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ubavu juu ya tumbo, elekeza kwenye mwanga. Sehemu tatu lazima ziguse rula: mbele kabisa, pale kabla tu ya mdomo, na nyuma kabisa. Pengine pakiwa na mwanga kidogo, hapana neno. Kama pale kabla ya mdomo pameliwa, hapo kuna kazi, ila inafanyika. Bandika msasa juu ya kioo kinene au kigae cha sakafu kilichonyooka, usugue. Acha kisu mahali pake kimekazwa lakini kimerudishwa ndani, maana ule mkazo nao hulivuta tumbo kidogo, na unataka ulinyooshe likiwa katika hali ya kazi. Grainda usiikaribishe kwenye tumbo la randa hata kwa dakika moja.

Mambo yasiyowapasa kuwaogopesha ni mengi. Kutu ya juu. Mpini uliovunjika pembe. Tuna msaji wa Longuza na vipande vya mpingo, mpini utachonga kwa siku moja. Randa isiyo na shaba, gurudumu lake jeusi au la chuma, mpini wa mti wa kawaida uliopakwa rangi nyeusi. Nyingi za hizo ni za wakati wa Vita vya Pili, shaba ilikuwa inakwenda kwenye silaha. Zinaranda sawasawa na nyingine, na kwa kuwa hazivutii macho, hupatikana kwa bei nafuu. Mkiona nyuma ya tandiko pameandikwa miaka ya hataza, yaani haki ya mbunifu, 1902 na 1910, mjue mmeshika ya Marekani ya zaidi ya miaka mia moja. Ni furaha kuishika, lakini msilipie tarehe. Ufa wa mwaka 1910 ni ufa.

Kama unaanza na moja, nunua namba 5. Ina urefu wa inchi 14, inaweza kufanya kazi za kubwa na za ndogo. Namba 4, inchi 9 na kitu, ifuate. Namba 7, inchi 22, utaitaka siku utakapounganisha mbao za meza bila kuona mwanga katikati. Za Record ni namba hizohizo zimetanguliwa na sifuri, 04, 05, 07. Namba 6 sina mapenzi nayo, wengine wanaipenda.

Na mbao zetu, jamani. Vitabu vya randa vimeandikwa kwa miti ya ulaya iliyo mipole. Mninga nyuzi zake zimepishana, zinakwenda huku inchi mbili zinarudi huku inchi mbili, ukiranda upande huu unang'oa upande ule. Dawa yake ni lile bamba linalofungwa juu ya kisu. Lisogeze mbele mpaka libaki nyuma ya makali kwa unene wa karatasi mbili tatu tu, na ukingo wake ukutane na kisu bila nafasi hata ya mwanga, vinginevyo maranda yanaingia chini yake na kuziba. Kisha rudisha kisu ndani, toa kidogo sana. Nilipoifanya hivyo ile namba 5 ya Muheza, nikaipitisha kwenye bao la mninga lililokuwa limenishinda, sauti ilibadilika. Ilikuwa inakwaruza, ikawa inapumua. Maranda yakatoka marefu, membamba, unayaona mistari ya mninga kama kitambaa. Nikapitisha kiganja juu ya bao, nikaita mwanangu naye apitishe.

Mvule una jambo lake. Ndani yake mna mawe, hasa, mti wenyewe unayatengeneza, meupe, mengine madogo kama punje ya mchele na mengine makubwa. Kisu kikikutana nalo kinapata pengo. Kabla ya kuranda mvule tazama madoa meupe na nyufa zisizo na sababu, chokoa kwa patasi ya zamani. Msaji hauna mawe makubwa lakini una mchanga wake usioonekana, unakula makali taratibu. Nolea mara nyingi, usingojee kisu kikatae.

Kuisafisha nitasema haraka, maana jua linakwenda. Ifungue yote. Vipande vya chuma vilaze kwenye siki usiku mmoja, usivisahau siku tatu, siki haichagui kutu na chuma. Asubuhi sugua kwa brashi, suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wa siki, kausha juani palepale, paka mafuta ya cherehani kabla chuma hakijapoa. Shaba isugue kwa ukwaju kama mama zetu wanavyosugua vyombo. Kisu ukikipeleka kwenye jiwe la umeme, kichovye maji kila mara. Kikigeuka rangi ya buluu pale kwenye makali, ugumu umekwenda na haurudi kwa kunoa. Na hapa kwetu upepo una chumvi. Randa ukiilaza na jasho la mkono, asubuhi ina kutu. Kila jioni ipanguse, kitambaa chenye mafuta kiwe ndani ya sanduku, na usiifunge kwenye mfuko wa plastiki, itatoa jasho humo. Ukiwa kazini, sugua mshumaa mistari miwili tumboni, utaona inavyoteleza.

Yule bibi wa Muheza tulipoagana aliniomba kitu kimoja. Alisema, siku ukifanya kazi na randa ya mzee, niletee nikione. Nilichonga mbuzi ya kukunia nazi, mvule, kiti na miguu yake nikairanda kwa namba 5 ile. Nilipompelekea hakusema kitu. Aliigeuza, akapitisha kiganja chini yake, pale ambapo mtu hakai na wala haoni, kuangalia kama na huko nimeranda. Nilikuwa nimeranda.

Sasa sogeeni mezani. Mafuta ya taa haya, chaki hii, kitambaa kile pale. Hii randa ya kijani nimeiondoa rangi yote jana. Ufa wa kulia nimewaonyesha. Una wa pili, na sikuwaambia uko wapi. Vijana waanze.